Hatua Arobaini za Kwenda Ghalani

Somoe mwanangu,

Kabla hujafika huko chuoni wakaanza kukufundisha namna serikali mbili zinavyokaa mezani, ujue kwamba anayekuandikia barua hii alishazikalisha serikali mbili, akazigawa, akaziwekea mpaka, kisha akarudi nyumbani na pikipiki ileile isiyo na breki ya nyuma. Wakubwa wa dunia wangenijua mapema wasingehangaika na mikutano ya majuma matatu. Wangenitumia nauli ya kutoka Newala na korosho kidogo za kutafuna njiani, na kila nchi ingelala kwake salama. Walimu wako wakibisha, waambie waje Nankolo waulize.

Salamu sikuandikii. Umepita hapa sasa hivi unakwenda kusukwa kwa Mama Fatu, shikamoo umenipa nusu, nusu nyingine umeimezea kwenye simu. Nami marahaba nimeitoa nusu, hatudaiani. Alasiri ndiyo kwanza imeadhiniwa, na Mama Fatu akishika kichwa cha mtu hakiachii mpaka amalize habari za kata nzima, kwa hiyo nina muda. Karatasi nimechana katikati ya daftari lako la kidato cha nne. Mwandiko usiucheke. Mimi niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikiona nusu, nusu nyingine nilikitazama nikiwa juu ya mkorosho.

Mambo ya chandarua, ya kutokula chipsi kila siku, ya kutomwonyesha mtu namba yako ya siri, mama yako amekuhubiria tangu Jumatatu. Siyarudii. Mimi nina jambo moja, na nitalizunguka kidogo kabla sijalifikia. Ndivyo tulivyo watu wa huku juu. Njia ya kushuka bondeni ina kona. Ukiikata moja kwa moja utafika chini kabla ya ndoo yako.

Jambo lenyewe ni mjomba wako Lukasi.

Jana tunakula, mama yako alisema, "Keshokutwa mkienda Masasi, Baba Somoe, piteni Lulindi kwa kaka yangu. Mtoto akatiliwe unga."

Nawe ukajibu bila kuinua macho, "Mama, mjomba aliyefumba mdomo bibi akashuka bondeni miaka mitatu, unga wake awatilie kuku."

Mama yako akaanza kukusanya vyombo. Mimi nikaanza kutafuta mwiko, na mwiko ulikuwa mkononi mwangu.

Sikukukemea, kwa sababu ninayo sababu, na nitaifikia. Lakini unajua vizuri, kwa Wamakua wa mama yako na kwa Wamakonde wangu mimi, mtoto ana baba wa kumchekesha na mjomba wa kumsemea. Mtoto haendi mbali mpaka mjomba achukue konzi ya unga wa mtama, aumwage chini polepole, aite majina ya waliotangulia, awaambie, huyu wetu anatoka, mfuateni. Mjomba wako ni mzee wa kanisa huko Lulindi, lakini unga akiushika hata yeye hamuulizi padre. Ulipochezwa unyago hakuwepo. Aliyesimama mahali pake alikuwa mzee wa kuazima, aliyekosea hata jina lako akakuita Somoye Hadija. Tulicheka. Mama yako hakucheka.

Sasa nikurudishe nyuma. Ulikuwa na miaka minane.

Nankolo na Chinduli zilikuwa kijiji kimoja. Chinduli ilikuwa kitongoji tu, pale ukingoni ambapo uwanda unakatika na mteremko wa kwenda Masasi unaanza. Ikaja karatasi moja kutoka juu: Chinduli iwe kijiji chake. Karatasi moja, Somoe! Watu waliokuwa wakiazimana chumvi asubuhi, jioni wakaanza kuulizana, "Wewe uko upande gani?" Ikawa huku serikali ya kijiji ya Nankolo, kule serikali ya muda ya Chinduli, nazo zikaambiwa zishauriane zenyewe kabla ya siku ya makabidhiano. Mpaka upite wapi. Daftari la wakazi lichanwe wapi. Makaburi ni ya nani. Tangi la maji ni la nani. Siku hiyo angekuja afisa kutoka wilayani kushuhudia. Kilichokubaliwa kingeandikwa kama kilivyokubaliwa. Kisichokubaliwa kingebaki kwa mwenye ardhi iliyo chini yake.

Hapo kwenye ardhi ndipo penye mwiba. Tangi lilikuwa upande wa Nankolo, hatua chache tu kutoka mpakani. Na unajua maji ya huku kwetu. Mtu wa pwani akisikia kijiji hakina bomba anadhani kuna kisima nyuma ya nyumba. Huku, bila bomba, maji yako chini bondeni, na wewe uko juu mawinguni na ndoo yako.

Mwenyekiti wa Nankolo alikuwa Mzee Nalinga, unamkumbuka, yule mfupi mwenye sauti ya kuitia mbuzi. Upande wa Chinduli walimchagua mjomba wako Lukasi. Alikuwa amepanda huku kutoka Lulindi kumfuata bibi yako na mikorosho yake. Walimchagua kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka na sauti yake haikupanda hata alipokanyagwa kidole.

Walikutana kwenye ghala la chama cha msingi. Msimu wa korosho ulikuwa bado, ghala tupu, linanuka magunia. Siku ya kwanza tu, Nankolo wakatoa kamba ya kupimia mpaka. Kumbe Chinduli nao wana ya kwao. Mzee Nalinga akaikodolea macho.

"Kamba yenu imelowekwa," akasema. "Katani ikilowa inajikunja. Mnataka kutupunja."

"Ya kwenu imevutwa na lori," akajibu mjumbe mmoja wa Chinduli. "Hiyo si kamba, hiyo ni nia mbaya iliyosokotwa."

Basi, mzee mzima, mwenye wajukuu wanaosoma, akaichukua kamba akailamba mbele ya mkutano kutafuta unyevu. Akatafakari. Akasema, "Ina chumvi." Hakuna aliyejua chumvi ina maana gani kwenye kamba, lakini ikaandikwa kwenye muhtasari.

Ilikuwa hivyo kila siku. Kila upande ulikuja na chupa yake ya chai, na aliyesahau yake alishinda na kiu. Mzee Nalinga alitia muhuri wa kijiji ndani ya soksi, soksi akaifunga kiunoni ndani ya kanzu, Chinduli wasije wakajigongea kitu. Alipokwenda msalani walimfuata mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Muhtasari uliandikwa na watu wawili, kisha wakasomeana, na walipokuta mmoja ameweka nukta pasipo nukta ya mwenzake, mkutano ulisimama. Siku ya tatu mtu wa Chinduli alikohoa mara mbili, Nankolo wote wakageuka kutazama mlangoni kuona nani ameitwa.

Usidhani nawacheka peke yao. Mimi mwenyewe, mwenye pikipiki, kazi yangu ilikuwa kuwaleta wazee na kuwarudisha, lakini nilikuwa nawasikiliza abiria wangu mgongoni kama daktari. Akivuta pumzi, najiuliza kwa nini.

Mwisho ikafika mahali neno likitoka upande huu linafika upande wa pili limeota miiba. Wakaacha kusemezana. Nankolo wakabaki ndani ya ghala. Chinduli wakatoka, wakakaa kwenye baraza ya duka lililofungwa ng'ambo ya barabara, pale nilipokuwa naegesha. Wakatafuta mtu wa kati.

Na mtu wa kati, mwanangu, anatoka wapi zaidi ya kwenye utani? Mmakonde na Mmakua ni watani tangu mababu. Mtani anakutukana kwenye msiba na unampa kiti. Neno ambalo jirani akilisema mnashtakiana baraza la kata, mtani akilisema mnacheka. Mimi Mmakonde wa Nankolo, nimeoa Mmakua wa Chinduli, mwenyekiti wa kule ni mlamu wangu, kaka wa mke wangu. Waliangaza macho ghala zima wakaniona mimi tu, nimekaa juu ya mizani nakula muhogo.

"Huyu?" aliuliza Mzee Nalinga.

"Huyuhuyu," wakasema.

"Mungu atusaidie," akasema.

Kutoka kwenye ghala mpaka barazani ni hatua arobaini. Nimezihesabu, kwenda na kurudi, siku tisa.

Kanuni ni chache. Neno la kawaida unalipeleka na utani wako, unalipoza njiani. Lakini mtani akikushika mkono akisema "utani kando," hapo mchezo umekwisha. Neno linalofuata hulitii chumvi wala hulipunguzi. Unalibeba kama yai mpaka kwa mwenyewe. Kanuni hiyo hata mlevi anaijua. Kwa hiyo hakuna anayekwenda kuhakikisha kama lilifika.

Basi siku ya kwanza ya kazi nikaanza na makaburi, maana mpaka ulipita katikati yake. Mzee Nalinga akaniambia, "Kawaambie makaburi ni ya Nankolo, na wafu wetu hawahami."

Nikavuka barabara. "Shikamooni, walaji panya! Mwenyekiti wetu anasema wafu wake wana miguu mibovu, hawawezi kuhama. Wenu je?"

Mjomba wako alijaribu kununa, ikashindikana. "Mwambie wetu nao ni wavivu kama wewe, mlamu. Walipolala ndipo hapo."

"Kwa hiyo walale pamoja?"

"Walale. Na anayekwenda kuzika asiulizwe ametoka kijiji gani."

Nikarudi mbio. Mzee Nalinga akafikiri, akawatazama wenzake, akasema, "Na anayekwenda kufagia kaburi je?"

Nikavuka tena. "Anauliza wa kufagia je?"

"Akifagia la kwao afagie na la jirani. Ufagio hauna kijiji."

Likaandikwa. Jambo ambalo lingewafanya watu watoe mapanga likaisha kabla muhogo wangu haujapoa. Huko chuoni kwenu jambo hilo lingeandikiwa kitabu kinene chenye picha yangu juu, nimevaa suti ya mtu mwingine.

Mpaka nao ukapita. Wakaziacha kamba zote mbili, wakafuata mstari wa mikorosho mikongwe. Daftari la wakazi likagawiwa. Siku ya nane watu walikuwa wakiniita wanaponiona, "Mheshimiwa! Kuna habari gani ng'ambo?" Nami nilikuwa najibu taratibu, huku nikitazama mbali, kama nimebeba siri ya taifa. Chai nilikunywa pande zote mbili. Mimi peke yangu ndiye niliyekunywa chai ya pande zote mbili, na sikufa.

Hapo, Somoe, ndipo nilipoanza kuharibika, na hapo ndipo nataka unisikilize, maana unakwenda kusomea kazi hiihii, wewe uifanye ukiwa na viatu vya ofisini.

Kosa la kwanza, nilipenda kuwa njia. Watu wawili wasiosemezana wakikuhitaji wewe ili wasikiane, kuna utamu ndani yake ambao haufanani na kitu. Unaanza kuomba kimoyomoyo wasipatane haraka. Siku ya tano niliwaona Mzee Nalinga na mjomba wako wametazamana barabarani, kila mmoja kama anataka kumsalimia mwenzake, nami nikawahi katikati nikasema, "Jamani, jua kali, rudini vivulini!" Walitii. Nikajiona nimeokoa mkutano. Nilichookoa ni kazi yangu.

La pili, nilijifunza kutilia shaka, na nikalipenda somo. Nilipoingia nilikuwa mjinga mcheshi. Nilipotoka nilikuwa mjanja, na ujanja ni mzigo mbaya kwa mtu ambaye hajazoea kuubeba. Shaka ni kama salfa ya mikorosho. Usipopulizia, ule ugonjwa wa ubwiri unga unakumalizia maua, ni kweli. Lakini mwenye akili anatazama upepo kwanza. Mimi nilipulizia nimekabili upepo. Kila kitu nikakiona kwa macho yanayowasha.

Mfano. Asubuhi ya siku ya nane nilimwona mjomba wako peke yake pale kwenye tangi. Anahesabu hatua. Anatoka kwenye tangi anakuja mpakani, anasimama, anaandika kwenye kijidaftari, anarudi. Mtu wa kawaida angemwamkia akamuuliza, "Mlamu, unapima nini?" Mimi nikazima pikipiki nikajificha nyuma ya mkorosho. Mtu mzima, mume wa dada yake! Kisha nikaenda moja kwa moja kijiweni kwa waendesha pikipiki.

"Shemeji anapima tangi," nikasema. "Kuna jambo."

"Jambo gani?"

"Chinduli wanataka kulibeba."

"Tangi la zege watalibebaje?"

"Nyie watoto. Haya mambo hamyajui. Wanaanza na kipimo." Nikawatazama mmoja mmoja. "Lakini mimi nipo. Tangi lile halitoki, wala tone halivuki mpaka, maadamu maneno yanapita kwangu."

Wakanipigia honi pikipiki zote. Nikaona raha, raha ya kijinga kabisa, na kuanzia hapo nilikuwa nimeshajifunga kwa ulimi wangu mwenyewe.

Siku ya tisa ndiyo ilikuwa ya mwisho, afisa anakuja kesho yake. Limebaki tangi tu. Hadharani kila upande ulikuwa umeapa kulichukua lote. Mzee Nalinga aliniita karibu, akashusha sauti, na ile sauti yake ikishuka inakuwa kama ya mtu mwingine.

"Kijana, nenda kawaulize mara ya mwisho. Chinduli wana neno gani kuhusu maji? Lolote. Wakiwa na neno tutalisikiliza. Wakiwa hawana, basi, naandika kama ardhi inavyosema."

Nikaenda. Nikarudi. Ikaandikwa kwamba Chinduli hawakuwa na neno.

Kesho yake afisa akaja, akasoma, wakatia saini. Soksi ikafunguliwa, muhuri ukagongwa. Picha zikapigwa, soda zikanywewa, kila mtu akiifuta chupa yake mdomoni kwa makini na kumtazama aliyeifungua. Juma lililofuata Nankolo wakatia kufuli kwenye tangi. Wanawake wa Chinduli wakaanza kushuka bondeni.

Hayo mengine unayajua kuliko mimi, maana uliyafanya kwa miguu yako. Ulikuwa ukienda kwa bibi yako likizo na kidoo chako cha lita tano. Mlikuwa mnashuka naye alfajiri mkarudi jua limeshapanda, yeye ameshika goti kwa mkono mmoja na ndoo kwa mwingine. Miaka mitatu, mpaka mradi ulipofikisha mabomba kule. Maji yakafika, goti la bibi yako halikurudi. Ulipokuwa ukirudi likizo kutoka shule ya bweni ya Lukuledi ukimkuta ameketi anapepeta akiwa amenyoosha mguu mmoja, ulikuwa unatoka nje kwanza. Nilikuona.

Chinduli walimgeuka mjomba wako. Walisema amenunuliwa na Nankolo, amekaa kimya ili dada yake anywe maji ya tangi. Mtu aliyemkaribisha chai alikaribishwa maneno. Mwaka haujaisha akauza mikorosho yake akashuka Lulindi. Bibi yako alikataa kumfuata, alisema hawezi kuhamia mahali mwanawe alipokimbilia. Mjomba wako hajakanyaga hapa kwetu tangu siku ile, na mama yako akienda kumwona huko anarudi na unga wa muhogo na macho mekundu, anasema ni vumbi la njiani.

Wewe mwenyewe uliniuliza wakati ule, tuko kwenye pikipiki, umekaa mbele yangu juu ya tangi la mafuta. "Baba, kwani mjomba alishindwa hata kuomba?"

Nikakwambia, "Mambo ya wakubwa hayo."

Hilo ndilo jibu nililokulea nalo. Ukalikuza mwenyewe mpaka likawa unga wa kuku.

Mwaka juzi nilikuwa napulizia shambani kwa Mzee Nalinga. Alikuwa ameshazeeka, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa ananielekeza matawi kama kawaida yake. Mara akaniita.

"Baba Somoe. Zima hiyo mashine."

Nikazima.

"Unajua wale wa Chinduli wangeomba bomba moja tu, ningewapa? Bomba moja. Nilikuwa nimeshawaambia wajumbe wangu. Nilingoja tu waombe. Nilisema, nikimpa mtu asiyeomba atadhani nina hila." Akatema mate. "Lukasi alikuwa na kiburi, ee? Mtu mpole vile, kumbe ana kiburi."

Nilisema, "Labda, mzee."

Nikawasha mashine. Nikapulizia mkorosho mmoja mara tatu.

Alifariki kabla ya msimu uliofuata. Nilishika jeneza mbele, kulia. Wamakua wa Chinduli walikuja kufanya utani wao msibani, wakaficha majembe ya kuchimbia, wakadai wapewe kwanza kuku, watu wakacheka wakilia. Wakanitafuta na mimi niwajibu. Mtani wao mkubwa, Mheshimiwa! Nilisema kichwa kinaniuma.

Sasa nasikia Mama Fatu anacheka kicheko chake cha kuagana, kile kirefu. Hajamaliza, lakini yuko kisogoni. Nami nimezunguka kona zote, imebaki moja.

Kesho tutatoka baada ya chai. Mizigo mikubwa imeshatangulia na gari la mbao, kwa hiyo ni wewe na mimi na begi lako la mgongoni. Njia panda ya Lulindi nitapunguza mwendo. Sitasimama, wala sitasema neno, maana maneno yangu kwenye jambo hili yana sifa mbaya. Ukinigusa bega nitakata kona. Usiponigusa tutanyoosha Masasi. Ila ukinigusa, karatasi hizi mpe mjomba wako mwenyewe mkononi kabla hajashika unga. Asizisomewe na mtu. Mama yako hajaziona. Leo jioni, kabla hujalala, mpe naye azisome. Nimejaribu kumwambia kwa mdomo mara nyingi, na kila mara natoka nje kutengeneza breki.

Siku ya tisa, nilipovuka barabara, mjomba wako hakuningoja barazani. Alinyanyuka akanifuata mpaka kwenye pikipiki, wenzake wasisikie. Nikaanza, kama kawaida, "Haya mlaji panya, umepima tangi, umeona halitoshi mfukoni?" Hakucheka. Akanishika mkono, huu wa kulia ninaoandikia.

"Utani kando, mlamu," akasema. "Mwambie mzee tangi libaki lao. Jina lao, funguo zao. Tunaomba bomba moja tu upande wetu. Nimepima, ni hatua sitini na mbili, mtaro tutachimba wenyewe. Na foleni iwe moja, mama zao na mama zetu wapange ndoo pamoja. Mwambie nimesema tunaomba. Neno lenyewe ni hilo, tunaomba."

Machozi yalikuwa yamemlenga machoni. Nami, Somoe, nikayatazama macho yale nikajiuliza anataka nini. Nani anaachia tangi zima kwa bomba moja? Leo bomba, kesho watadai mtaro, keshokutwa ardhi iliyo chini ya mtaro. Na kijiweni honi zilikuwa bado zinalia masikioni mwangu: tone halivuki.

Nilimwambia, "Nimekusikia, mlamu." Akaniachia mkono. Akarudi barazani akawaambia wenzake, tulieni, neno limekwenda. Aliniamini hivyo, hakugeuka hata kutazama kama naingia.

Nilivuka barabara, nikaingia ghalani. Mzee Nalinga akainua kalamu, akaniuliza, "Wanasemaje?" Nami nikamjibu, "Hawana neno."